Tairi Hununuliwa kwa Ajili ya Asubuhi Mbaya

Mwezi Desemba, katika mji wowote wa Ulaya ya kaskazini au wa Kanada, si ajabu kuona gari la spoti lenye nguvu za farasi mia nne na ushei limekwama kwenye mwinuko ambao mtoto angeupanda kwa baiskeli. Injini inanguruma, magurudumu ya nyuma yanazunguka palepale, na kigari kidogo cha mama anayekwenda sokoni kinalipita pembeni, polepole, bila makeke. Watu hucheka. Wengi hudhani kosa ni la nguvu kupita kiasi, au la dereva mgeni asiyezoea baridi. Mara nyingi kosa liko chini zaidi, pale mpira unapokutana na lami. Na tairi lenyewe si kipara wala si la mtumba. Pengine ni jipya, la bei kubwa na la jina kubwa. Ila lilinunuliwa kwa ajili ya siku nzuri.

Ninachotaka kusema ni kwamba tairi la gari la spoti huchaguliwa vibaya kwa sababu wanunuzi huuliza swali lisilo lake. Wanauliza, je, theluji itaanguka? Ikiwa wanaishi London au Köln, ambako theluji huja na kuondoka kama mgeni mwenye haraka, wanajijibu kwamba haitaanguka ya maana, na wanabaki na matairi ya kiangazi mwaka mzima. Swali la kuuliza ni jingine: asubuhi ya baridi kuliko zote ambayo nitalazimika kutoka na gari hili, lami itakuwa na nyuzi joto ngapi? Swali hili linawahusu wasomaji wetu kuliko wanavyodhani. Wako Waswahili wengi Minneapolis, Toronto, Montreal, Stockholm na Birmingham, na miongoni mwao wamo vijana ambao baada ya miaka ya kazi za zamu wametimiza ndoto ya BMW, Mustang au Porsche iliyotumika. Na wako wengine Nairobi na Dar es Salaam ambao hawajawahi kuona theluji, lakini wanaendesha matairi yaliyotengenezwa kwa ajili yake. Hao nitawarudia.

Tuanze na mpira wenyewe. Mpira mbichi unaotoka kwenye mti ulikuwa na tabia iliyowatesa wafanyabiashara wa karne ya 19: kwenye joto ulinata kama ulimbo, kwenye baridi ulikakamaa na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, unatulia na kuvumilia joto na baridi kwa kiasi kikubwa. Alikufa mwaka 1860 akiwa amezama kwenye madeni, na kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898 na watu wasio jamaa zake. Hivyo ndivyo dunia inavyowalipa wavumbuzi wake. Lakini ugunduzi wa Goodyear haukuifuta tabia ya mpira. Uliisukuma mbali tu. Ushahidi mzito kuliko wote haukutoka barabarani bali angani. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Challenger kilirushwa kutoka Florida katika asubuhi ya baridi isiyo ya kawaida kwa jimbo hilo, na baada ya sekunde sabini na kidogo kikasambaratika na kuua watu wote 7 waliokuwamo. Chanzo kilikuwa pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi ya pembeni: baridi ilizifanya ngumu, zikashindwa kutanuka kwa wakati na kuziba mwanya. Mwanafizikia Richard Feynman aliwaonyesha wachunguzi wenzake jambo hilo kwa kipande cha mpira kilichobanwa na kutumbukizwa kwenye glasi ya maji ya barafu. Alipokiachia hakikurudi upesi katika umbo lake. Mambo ya tairi la baridi yote yamo ndani ya glasi ile.

Maana tairi hushika barabara kwa kujibonyeza. Lami, hata inayoonekana laini, ni uwanja wa vijiwe na vishimo vidogo, na mpira wenye uhai huviingia, ukavikumbatia, ukajinyanyua na kuvikumbatia vingine, maelfu ya mara kwa sekunde. Mpira uliokakamaa hauingii popote. Unapita juu ya vijiwe kama soli ya kiatu cha plastiki juu ya sakafu ya marumaru. Kila mchanganyiko wa mpira una kiwango chake cha joto ambacho ukikishuka huanza kupoteza upole, na mtengenezaji ndiye anayeamua kiwango hicho kiwe wapi kulingana na kazi anayolitarajia tairi lifanye. Hapa ndipo gari la spoti linapojikuta pabaya kuliko magari mengine. Tairi lake la kiangazi limebuniwa listahimili joto la kasi ya kilomita 200 kwa saa na zaidi, lisilainike kwenye kona kali, lisiyumbe usukani unapokatwa ghafla. Ili lifanye hivyo linapewa mchanganyiko unaofanya kazi vizuri likiwa na joto, kashata pana zisizo na mikato mingi, na ubavu mfupi mgumu. Sifa zote zinazoliuza mwezi Julai ndizo zinazolisaliti mwezi Januari. Tairi la kawaida la gari la familia, kwa kuwa halikuahidi makubwa, haliharibikiwi kiasi hicho. Ndiyo maana kigari cha mama wa sokoni kilipita.

Wanaotengeneza matairi hayo hawafichi jambo hili. Baadhi yao huonya waziwazi kwamba matairi yao makali ya kiangazi yasitumike, wala gari lisisogezwe, katika baridi ya takribani nyuzi 7 chini ya sifuri na zaidi, kwa sababu mpira wa kashata unaweza kupasuka. Haya si maneno ya kumtisha mteja anunue seti ya pili. Mtengenezaji anakiri udhaifu wa bidhaa yake ya bei ya juu, na si kawaida ya wafanyabiashara kufanya hivyo bila sababu. Pamoja na hayo, madereva wengi huisoma karatasi ya dhamana neno kwa neno na kuiruka karatasi ya tairi.

Tairi la majira ya baridi lina historia tofauti kabisa na ya tairi la spoti. Halikuzaliwa kwenye mashindano wala kwenye maonyesho ya magari. Mwaka 1934 kampuni ya mpira ya Ufini, ile ile ambayo miongo mitatu baadaye iliungana na kampuni iliyotuletea simu za Nokia, ilitoa tairi la theluji kwa ajili ya malori, kwa sababu malori yalikuwa na mizigo ya kufikisha na theluji haikuwa inasubiri mtu. Tairi la magari madogo likafuata mwaka 1936. Kanuni zake bado ni zile zile, ingawa kemia imesonga mbele sana: mpira unaobaki laini kwenye baridi, kashata ndefu zenye mifereji mipana, na juu ya kila kashata mikato myembamba kama nywele inayofunguka tairi linapogusa chini. Mifereji hiyo haikusudiwi kuitema theluji yote. Inaishika kwa makusudi, kwa sababu theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira. Mtoto anayefinyanga donge la theluji analijua hilo bila kufundishwa. Tairi la kiangazi la spoti, pana na lenye mifereji michache, huelea juu ya theluji hiyo kama ungo.

Sasa nifike kwenye nyuzi 7. Karibu kila muuza matairi wa Ulaya atakuambia kwamba joto likishuka chini ya nyuzi 7 lazima ubadilishe. Namba hiyo imerudiwa mpaka imekuwa kama sheria ya maumbile, na wapo wanaoikataa kwa haki. Mpira haulali ghafla ukifika nyuzi 7 na kuamka ukifika 8. Kwenye lami kavu ya nyuzi 5, tairi zuri la kiangazi lililokwisha pata joto linaweza kabisa kusimama mapema kuliko tairi la baridi lenye kashata laini zinazoyumba. Anayesema hivyo hakosei, na mtetezi wa matairi ya baridi anayekanusha anajidhuru mwenyewe. Lakini angalia anachokithibitisha: anazungumzia lami kavu, tairi lenye joto, mchana. Asubuhi haimpi masharti hayo. Asubuhi tairi limelala nje usiku kucha, lina joto lile lile la hewa, na kilomita za mwanzo ndizo zinazopita mbele ya shule na vituo vya basi. Daraja hupoa kabla ya barabara kwa sababu upepo unalipuliza juu na chini. Kivuli cha mlima au cha jengo refu huhifadhi ukungu ulioganda hadi saa nne. Hivyo namba 7 ina faida moja tu, nayo inatosha: inamlazimisha mtu abadilishe kabla ya siku mbaya, kwa sababu siku hiyo ikifika fundi wa matairi ana foleni ya wiki mbili.

Hesabu ya breki inaonyesha ukubwa wa kinachobishaniwa. Gari likienda kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu na tairi zuri, likifungwa breki kamili, husimama ndani ya takribani mita 12, bila kuhesabu muda wa dereva kushtuka. Mshiko ukishuka hadi robo ya huo, jambo la kawaida kwenye theluji iliyoshindiliwa na magari, umbali unakuwa karibu mita 49. Huo ni kama umbali kati ya nguzo mbili za umeme. Kwa kilomita 100 kwa saa zidisha kila tarakimu kwa nne, maana umbali wa kusimama hufuata mraba wa kasi. Injini haimo katika hesabu hii. Wala uzito, kwa kiasi kikubwa, wala bei. Kinachobaki ni kasi na mshiko, na mshiko wote wa gari la tani moja na nusu unapita katika vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Barafu nayo ina hila yake ambayo watu wa joto hawaitarajii: inateleza zaidi ikiwa karibu na kuyeyuka kuliko ikiwa na baridi kali. Nyuzi 20 chini ya sifuri ni mateso kwa mwili, lakini barafu ya nyuzi sifuri, yenye utando wa maji juu yake, ndiyo inayojaza magari mitaroni. Mtu wa Uingereza anayesema kwamba kwao hakuna baridi ya kweli anaishi katika joto hilo hilo baya.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni la magurudumu manne. Gari langu, anasema mwenye Audi au Subaru, linasukuma magurudumu yote, kwa hiyo matairi ya baridi ni ya wenye magari yanayosukumwa nyuma tu. Ni kweli kwamba gari hilo litaondoka pale wengine wanapozunguka bure. Ila gari la aina yoyote hufunga breki kwa magurudumu yote manne, na lilikuwa likifanya hivyo kabla ya Subaru kuzaliwa. Mfumo wa kusukuma hauongezi hata chembe kwenye kusimama, na kwenye kona mchango wake ni mdogo kuliko matangazo yanavyodai. Kibaya zaidi, unamnyima dereva onyo. Gari la kusukumwa nyuma linapoteleza wakati wa kuondoka linamwambia mwenyewe mapema kwamba leo hakuna mshiko. Lile la manne linaondoka kwa heshima, linafika kilomita 80, na habari zinamfikia dereva kwenye kona ya kwanza. Pingamizi la pili, la kompyuta, linafanana na hilo. Breki zisizojifunga zimekuwapo katika magari ya kawaida tangu mwaka 1978, na mfumo wa kuzuia gari lisizunguke umekuwa wa lazima kwa magari mapya Ulaya tangu 2014. Umeokoa watu wengi. Lakini kazi yake ni kugawa mshiko uliopo, kama mpishi anavyogawa wali uliomo kwenye sufuria. Sufuria ikiwa tupu, ufundi wa kupakua haumshibishi mtu.

Pingamizi linalostahili heshima zaidi ni la wapenzi wa kuendesha. Wanasema tairi la baridi linaua gari la spoti: usukani unakuwa mzito wa kusikia, kashata zinayumba, gari lililokuwa likijibu kama kisu linajibu kama kijiko. Kwa matairi ya aina fulani wana haki. Ila matairi ya baridi si kabila moja. Yako yale ya kaskazini kabisa, laini sana, yaliyobuniwa kwa barafu ya Luleå na Montreal, ambayo mengi yana kikomo cha kasi cha kilomita 160, 170 au 190 kwa saa. Na yako ya Ulaya ya kati, yaliyobuniwa kwa barabara kuu za Ujerumani na vilima vya Uswisi, yenye herufi H kwa kilomita 210, V kwa 240, hata W kwa 270. Michelin, Pirelli na Continental wote wanayatengeneza kwa vipimo vya magari ya spoti, na Porsche huyapima na kuyapa alama yake ya N kama inavyofanya kwa yale ya kiangazi. Mkazi wa Stuttgart au Manchester mwenye 911 akifunga tairi laini la Kiskandinavia atajuta, na atawaambia rafiki zake kwamba matairi ya baridi hayafai. Mkazi wa Minneapolis akifunga lile la Ulaya ya kati kwa sababu ya herufi V, atagundua mwezi Februari, kwenye barabara iliyoganda, kwamba kasi ya kilomita 240 haikuwa hitaji lake la kwanza. Uchaguzi huu ndio wenye uzito, kuliko ule wa jina la kampuni. Wanaotamani misumari kwenye tairi waiache kwa wale wanaoishi juu ya barafu: kwenye lami tupu inapiga kelele na kupunguza mshiko, na Ujerumani imeipiga marufuku karibu nchi nzima.

Katika hilo hilo la hisia, nashauri rimu ndogo. Gari lililotoka kiwandani na rimu za inchi 20 mara nyingi hukubali za 19 au 18, mradi zisigonge breki, na kitabu cha gari hutaja vipimo vinavyoruhusiwa. Rimu ndogo inaruhusu tairi jembamba kidogo lenye ubavu mrefu zaidi. Linakata theluji badala ya kuelea, linavumilia mashimo yanayofunuliwa na barafu, na linauzwa kwa bei nafuu. Gari litaonekana limevaa viatu vya shule. Ni majira ya baridi. Lina matope hata hivyo.

Na matairi ya misimu yote? Hapa sina msimamo mkali. Mkazi wa London anayeendesha Mazda MX-5 kwa upole, na anayeweza kuliacha gari nyumbani siku ya theluji, anaweza kuishi nayo vizuri. Yameboreka sana katika miaka kumi iliyopita. Lakini asome ubavu wa tairi kwa makini. Herufi M na S, za matope na theluji, ni tamko la mtengenezaji kuhusu umbo la kashata; halihitaji jaribio lolote. Alama inayohitaji jaribio la kweli kwenye theluji ni ile ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kipande cha theluji. Baadhi ya matairi ya misimu yote yanayouzwa Marekani kwa magari ya spoti yana herufi hizo bila mlima huo. Ujerumani, ambayo tangu 2010 inamtoza faini anayeendesha kwenye theluji au barafu bila tairi linalofaa, iliacha kuzitambua herufi hizo pekee mwezi Oktoba 2024. Quebec inadai matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, theluji iwepo isiwepo, na nadhani Quebec imelielewa swali kuliko wengine: sheria yake inafuata kalenda, haisubiri dereva aamke na kutazama dirishani. Sweden inataka kina cha kashata cha milimita 3, Austria 4, wakati kiwango cha kawaida cha Ulaya kwa tairi la kiangazi ni 1.6. Tairi la baridi lililolika hadi milimita 2 ni tairi la kiangazi lililo duni.

Gharama ndilo pingamizi linalosemwa kwa sauti kubwa na kufikiriwa kidogo. Seti ya pili haiongezi kilomita unazotembea. Wakati moja inafanya kazi nyingine imelala stoo, kwa hiyo mpira unaolika kwa mwaka ni karibu ule ule, umegawanywa tu. Kinachoongezeka kweli ni rimu za pili, nafasi ya kuhifadhia na malipo ya fundi mara mbili kwa mwaka. Si pesa ndogo kwa mtu anayetuma nyumbani kila mwezi. Lakini anayesema hana pesa hizo akiwa ndani ya gari la spoti anasema tu kwamba amenunua gari asiloweza kulivalisha. Yuko mwingine, mwenye busara zaidi, anayeliegesha gari kuanzia Novemba hadi Machi na kupanda basi au kigari cha pili. Huyo hana deni na mtu. Tatizo ni yule wa katikati, anayebadilisha matairi mawili tu yanayosukuma ili kuokoa nusu ya bei. Gari lake litakuwa na mshiko mbele na kukosa nyuma, au kinyume chake, na kwenye kona ya kwanza yenye barafu sehemu isiyoshika itaamua kwenda njia yake. Ni manne au usisumbuke. Na hata yakiwa manne, upepo lazima upimwe upya: tairi lililojazwa psi 33 kwenye nyuzi 20 litabaki na takribani 28 kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, bila tundu lolote, kwa sababu hewa nayo hujikunyata.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na hakuna kitu kinachoitii methali hiyo kama tairi. Ndiyo sababu hoja hii yote inageuka nyuma-mbele meli inapotia nanga Mombasa au Dar es Salaam. Japani ilitunga sheria mwaka 1990 ya kuzuia matairi ya misumari, kwa sababu yalikuwa yakisaga lami na kujaza vumbi katika miji kama Sendai. Kampuni zake zikawa mabingwa wa tairi laini sana la barafu lisilo na misumari. Blizzak ya Bridgestone ilikuwa imetoka mwaka 1988. Sehemu ya magari yaliyotumika yanayoletwa kwetu, yakiwamo hayo ya spoti ambayo vijana wa Nairobi na Dar wanayapenda mno, Subaru WRX, Altezza, Mark X, hufika yakiwa bado yamevaa matairi hayo. Mengine huja peke yake kama mtumba. Kashata zake zinaonekana nene na mpya, bei ni nzuri, na fundi anasema hizi ni za Japani, hazifi.

Zinakufa, na kabla ya kufa zinaweza kumwua mtu. Lami ya Afrika Mashariki chini ya jua la mchana hupita nyuzi 50. Mpira uliobuniwa ubaki laini kwenye barafu, katika joto hilo unakuwa kama ulimbo aliokuwa akipambana nao Goodyear: unalika upesi, kashata zinalala kwenye kona, na umbali wa kusimama unaongezeka, hasa kwenye mvua, ambako matairi haya yana udhaifu hata huko yalikotoka. Wapo watakaouliza kuhusu Limuru, Njombe na Makete, ambako Juni na Julai asubuhi huuma. Huko nako jua likipanda baridi inaondoka, na tairi la kawaida linatosha. Anayehitaji kujihadhari ni yule mwenye tairi la kiangazi la spoti kali, saa moja asubuhi, na kwake dawa ni kupunguza mwendo. Serikali ya Kenya inakataa gari lililozidi miaka minane. Haitoshi kuhesabu miaka ya gari na kuacha kutazama gari limevaa nini. Wakaguzi wa magari yanayoingia, Kenya na Tanzania, wangeweza kuandika aina ya tairi kwenye cheti kwa dakika moja, na mnunuzi angejua analipia nini.

Mpaka hapo watakapofanya hivyo, kazi ni ya mwenye gari. Inama ubavuni mwa tairi. Ukikuta neno STUDLESS, au jina Blizzak, Ice Guard au Winter Maxx, hilo ni tairi la barafu. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho katika namba ya kiwandani: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kama uko Tromsø na tairi hilo halijazeeka, liache lilipo. Kama uko Tegeta au Thika, livue kabla ya safari ndefu inayofuata.